Kura nyingi kuliko watu: naipigaje hii hesabu mwenyewe?

mtoto_wa_kisauni

Wadau salama? Nina ishu na naomba mtu anisaidie bila matusi. Grupu letu la familia la WhatsApp lina watu wa Mombasa na watu wa Tanga, manake bibi mzaa mama alitoka Tanga, na tangu ule uchaguzi wa wenzetu wa Tanzania wa Oktoba 2025 halijapoa hata siku moja. Shemeji yangu wa Tanga akileta namba za kule, mjomba wa Kisauni anamjibu kwa namba zetu za 2022, alafu kuna binamu yuko Marekani nayeye anatupia zake za 2020 ati hata huko waliibiana. Kila mtu ana kalkuleta na kila mtu amepata jibu lake.

Madai yako matatu. La mjomba: asilimia za urais 2022 zikijumlishwa zinatoka 100.01, na hio 0.01 iliyozidi ni kura 142,000. Na hii si stori ya kijiweni jamani, walisema makamishna wanne wa IEBC, tume yetu ya uchaguzi, Cherera na wenzake, mbele ya kamera kabisa, siku moja baada ya mwenyekiti wao Chebukati kutangaza. La binamu: waliojiandikisha Marekani ni milioni 212, waliopiga ni asilimia 66.2, kwa hivo kura ni milioni 140, Trump akichukua 74 zake Biden anabaki na 66, sasa hizo 81 alizotangaziwa zilitoka wapi? La shemeji: daftari la Tanzania lina majina mengi kuliko watu wazima walio hai nchini.

Mimi ni fundi simu hapa Kongowea, hesabu yangu ni ya chenji. Nilijaribu lakini. Nikachukua sensa yetu ya 2019, watu 47,564,296, nikachukua waliopiga kura 2022 milioni 14 na ushee, nikagawa nikapata asilimia 30. Mjomba akaruka juu, "Umeona! Na wao walitangaza karibu 65!" Sasa nimekuwa nimempa silaha na sijui hata nimekosea wapi. Nisaidieni kabla ya Ijumaa, Ijumaa tunakutana kwake kula pilau.

klaki_darasa_la_nne

Pole na grupu, mimi la kwetu nilitoka 2017 nikapata amani ya moyo.

Kaka hukukosea kugawa, umegawa kwa watu wasiohusika. Hio milioni 47.5 ni kila roho iliyohesabiwa 2019, mtoto wa wiki mbili yumo. Asilimia ya waliojitokeza huku kwetu Kenya inagawiwa kwa waliojiandikisha, na 2022 walikuwa 22,120,458. Kura halali zilikuwa 14,213,027, ongeza zilizokataliwa 113,614, jumla 14,326,641, gawa kwa hao milioni 22.1 na unapata 64.77. Kwa hivo 30 yako ni sahihi na 64.77 pia ni sahihi, ila ni majibu ya maswali mawili tofauti. Mtu akikutajia asilimia yoyote ya uchaguzi kitu cha kwanza muulize: asilimia ya nani? Nusu ya kelele zote zinaishia hapo.

Sasa hio ya 100.01. Mimi siku ile nilikuwa nimelala usingizi wa mtu aliyekesha siku mbili, nikaamshwa na majirani wanapiga kelele, na nilipoisikia hesabu yenyewe nilidhani ni mimi nina usingizi. Chukua simu yako ufanye pamoja nami. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930, Wajackoyah (yule wa kuhalalisha bangi) 61,969, Mwaure 31,987. Jumlisha, unapata 14,213,027 juu ya alama, hakuna kura moja imezidi wala kupungua. Ndio kusema kama kura zenyewe zinajumlisha sawasawa basi hio 0.01 haiwezi kuwa kura, ni namna ya kuandika. Gawa sasa kila mmoja bila kufupisha: Ruto 50.4899, Raila 48.8491, Wajackoyah 0.4360, Mwaure 0.2251. Ukifupisha kwa tarakimu mbili wote wanne wanapanda juu kidogo, 50.49 na 48.85 na 0.44 na 0.23, ndio hio 100.01 yako. Na ukiangalia vizuri karibu yote imetoka kwa wale wawili wa mwisho, yaani Wajackoyah na Mwaure ndio "wameiba" hio 0.01, wakubwa hawamo.

Na hata tukikubali kwamba ni kura. Asilimia moja ya milioni 14.2 ndio 142,000. Asilimia 0.01 ni 1,421. Walikosea mara mia moja. Ungekuwa umekosea hivo kwa chenji pale Kongowea mteja angekushika shati.

Lakini naelewa kwa nini mjomba ameishikilia. Ruto alipita ile nusu kwa kura kama 69,600 tu, kwa hivo kama kweli kungekuwa na kura 142,000 zinazoelea, kungekuwa na marudio. Ndio maana ile namba ilichoma watu. Ikaenda mpaka kwa hoja za mahakamani, na Septemba 5 Mahakama ya Juu ikazitupa kesi zote.

Ntakwambia kingine ambacho hakiko kwa kalkuleta. Mimi nilikuwa klaki kwa kituo kimoja, darasa la nne la shule ya msingi, shule siitaji. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, hio ni sheria, kwa hivo mtu akikwambia kituo fulani kilitoa kura 1,200 ujue ama anachanganya kituo na shule nzima yenye vituo vinne, ama kweli kuna maneno. Usiku tumeunganisha madawati manne tukamwaga kura za rais, msimamizi anainua moja moja anawaonyesha maajenti, kuna ajenti mmoja mzee alikuwa anataka kila moja igeuzwe nyuma na mbele, tulimchukia lakini ndio kazi yake. Tukamaliza. Kile kifaa cha KIEMS cha kutambua wapiga kura kinasema tumetambua watu 431, kura za rais mezani ziko 430. Hapo usingizi ukaisha wote. Msimamizi akasema hakuna fomu inajazwa mpaka ijulikane. Tukaipata saa nane usiku, imelala ndani ya sanduku la mwakilishi wa wadi, mama fulani alichanganya rangi za karatasi. Ndio tukajaza 34A, ile fomu ya matokeo ya kituo, maajenti wakatia sahihi, ikapigwa picha ikatumwa, nakala moja ikabandikwa mlangoni. Ile picha ndio uliiona wewe kwa tovuti ya IEBC, na vituo vilikuwa 46,229 na yeyote mwenye bando angeweza kukaa chini ajumlishe mwenyewe.

Kabla sijasahau, mjomba asikuletee ile ingine ya "kura za rais ni nyingi kuliko za magavana". Wewe ni wa Mombasa, unakumbuka ugavana wenu na wa Kakamega uliahirishwa mpaka Agosti 29 sababu ya karatasi kuchanganyika? Kwa hivo ukijumlisha za magavana wa tarehe 9 kaunti mbili nzima hazimo. Tena wafungwa na walioko ng'ambo wanapigia rais peke yake.

sukari_guru

Mjomba apewe pilau mara mbili anyamaze. Nyama nyingi zaidi, hesabu kidogo zaidi.

baridi_ya_minnesota

Hii ya Marekani niachieni mimi maana nimekaa huku miaka kumi na nne na nimebishana nayo kazini, kanisani na kwenye foleni ya kinyozi.

Binamu yako amefanya kosa lilelile la kwako la 30 na 65, ila yeye amelipindua. Zile milioni 212 ni waliojiandikisha, sawa, ni makadirio yanayokaribia. Ile 66.2 nayo ipo kweli. Tatizo ni kwamba 66.2 si asilimia ya waliojiandikisha! Huku wataalamu wanapiga kwa watu wenye haki ya kupiga kura, yaani raia wa miaka 18 na kuendelea ukitoa wale sheria imewazuia, wajiandikishe wasijiandikishe. Hao 2020 walikuwa kama milioni 239. Zidisha 239 kwa 66.2 utapata 158 na kitu, na kura zilizopigwa ndio hizohizo, kama milioni 158.4. Biden milioni 81.28, Trump 74.22, na wale wadogo wakagawana karibu milioni tatu. Hakuna kilichopotea. Mtu alichukua asilimia ya kundi moja akaizidisha kwa kundi jingine, kama vile umuulize muuza samaki bei ya kilo moja alafu uzidishe kwa idadi ya samaki.

Kwa nini wanapiga hivyo na sio kama Kenya? Sababu huku daftari si moja. Kila jimbo lina lake na sheria zake, jimbo moja halina kujiandikisha kabisa, North Dakota, unakwenda na kitambulisho tu. Na hapa kwetu Minnesota unaweza kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, palepale mlangoni. Mimi nilipopata uraia mara ya kwanza nilifanya hivyo, nilikwenda na bili ya umeme na leseni, mama mmoja mzee ana sweta la krismasi ingawa ni Novemba akaniandika na peni nikapiga kura dakika kumi baadaye. Kwa hiyo jioni ile kituo kikitoa kura nyingi kuliko majina yaliyochapwa asubuhi si muujiza.

Wisconsin, majirani zetu, yalitokea hayahaya. Picha ikazunguka: waliojiandikisha 3,129,000, kura zilizopigwa zaidi ya milioni 3.2, "kura nyingi kuliko wapiga kura!" Ile 3,129,000 ilikuwa ya 2018. Mwanzoni mwa Novemba 2020 walikuwa 3,684,726, na hapo bado hujawaweka wa siku ileile. Mwaka tu. Mtu hakuangalia mwaka.

Lakini inayonichekesha mpaka leo ni ile ya Michigan. Kulikuwa na hati ya kiapo, kiapo kabisa, iliyopelekwa mahakamani Georgia, ikiorodhesha maeneo ya Michigan ambako waliojitokeza walizidi asilimia 100. Kuyasoma majina: Monticello, Albertville... jamani hiyo ni Minnesota! Albertville mimi nalipita kila wiki nikienda kazini kwa barabara ya 94, pana yale maduka ya punguzo mke wangu ananimalizia mshahara. Kuna mtu alichanganya MI na MN. Akaapa nayo. Na Detroit ambayo nayo ilisemwa ilipiga asilimia 139, hesabu rasmi ilikuwa karibu 51.

Kwa hiyo mwambie binamu kwa upole, sisi wa huku tuna upweke, akipata kitu cha kufowadi anahisi yuko nyumbani.

karani_wa_2022

Habari wakuu. Mimi ni Mtanzania na nitaomba tusiweke dai la shemeji kwenye kapu moja na hayo mawili, kwa sababu hayo mawili yakipigwa hesabu yanakufa na hili likipigwa hesabu halifi. Naandika taratibu kila mtu afuate, na mahali nimekadiria nitasema nimekadiria.

Sensa yetu ya Agosti 2022 ilitoa watu 61,741,120. Nilikuwa karani wa sensa, kata moja ya Morogoro vijijini, kwa hiyo najua ile namba ilivyopatikana na najua pia udhaifu wake. Sisi ni nchi ya watoto. Walio chini ya miaka 15 walikuwa kama asilimia 43. Kwa hiyo waliokuwa na 15 na zaidi ni kama 57, yaani milioni 35.2 hivi. Sasa hao ndio waliofikisha 18 ilipofika Oktoba 2025, ongeza wachache waliokaribia 15, kisha utoe waliofariki kwa miaka mitatu hiyo, maana watu wazima wanakufa jamani. Mimi naishia kama milioni 35. Wewe ukiweka vifo vichache zaidi au vingi zaidi utaishia 34 na nusu au 35 na nusu, haitaruka mbali.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilifungwa na watu 37,655,559.

Yaani majina yamewazidi watu wazima kwa milioni mbili na zaidi, na hiyo ni kama kila mtu mzima nchini alijiandikisha, hata bibi yangu ambaye hajatoka nje ya kijiji tangu enzi za Mwinyi. Na si mimi peke yangu niliyetarajia pungufu. Tume yenyewe ilipoanza kuboresha daftari 2024 ilisema lilikuwa na 29,754,699, inatarajia kuandikisha wapya 5,586,433 na kuondoa 594,494, jumla itakuwa 34,746,638. Hiyo inakaribia sana kadirio langu la watu wazima, mtu wao wa takwimu alikuwa anajua kazi. Mwisho wa siku wakapata karibu milioni 2.9 zaidi ya walivyotarajia.

Hapo kwanza punguzeni joto. Daftari kuwa nene si lazima liwe limeghushiwa. Marehemu hajiondoi. Nani nyumbani kwenu baada ya arobaini aliwahi kwenda ofisi ya kata kusema baba afutwe kwenye daftari? Wakenya nao, ukaguzi wa kampuni ya KPMG kabla ya 2022 ulikuta marehemu 246,465 kwenye rejista yao. Kuna waliojiandikisha mara mbili walipohama. Na sensa yenyewe ina makosa: nilifika nyumba moja na kishikwambi changu namuuliza bibi umri, anasema sabini, mjukuu wake akacheka akaniambia bibi ana sabini tangu mimi niko darasa la pili. Nikaandika sabini. Watu wengi wanataja miaka inayoishia na sifuri au tano. Lakini kumbukeni, kosa la bibi ni kati ya sabini na themanini, halimgeuzi mtoto kuwa mtu mzima, kwa hiyo kwa swali letu haliharibu sana.

Penye kuniuma kichwa ni waliojitokeza. Tangu 2010 asilimia ya waliopiga kati ya walioandikishwa imekuwa kama 43, kisha 67 mwaka 2015, kisha kama 51 mwaka 2020. Mwaka 2025 ikatangazwa 87. Watu 32,678,844, na Rais Samia akapata 31,913,866, asilimia 97.66. Sasa tuulize lile swali la ndugu wa darasa la nne: asilimia ya nani? Tukigawa kwa daftari ni 87. Tukigawa kwa watu wazima walio hai ni kama 93. Yaani kati ya kila watu wazima mia moja, mgonjwa aliyelazwa, dereva aliye safarini Lubumbashi, mama aliyejifungua juzi, aliyegoma, aliyeko gerezani, wote hao pamoja hawafiki wanane. Na mwaka 2020 waliopiga walikuwa milioni 15. Wameongezeka maradufu na zaidi kwa miaka mitano, katika uchaguzi ambao CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hawakuwemo na mwenyekiti wao akiwa mahabusu.

Serikali inasema uchaguzi ulikuwa huru. Waangalizi wa Umoja wa Afrika waliandika kwamba kwenye baadhi ya vituo walikuta kura zikijazwa na watu wakipewa karatasi zaidi ya moja. Mimi nasema hesabu yangu haiwezi kukwambia nani alifanya nini katika kituo gani. Inachosema ni kwamba 93 inahitaji maelezo, na maelezo yake yako kwenye fomu za vituo, na mimi siwezi kuzifungua nikazijumlisha kama ndugu wa darasa la nne alivyosema za Kenya. Siku ile ya kupiga kura intaneti ilizimwa. Nilikuwa nimekaa na simu mkononi inaonyesha saa tu.

mzee_wa_kahawa

Nimesoma yote nikiwa na kikombe changu. Hesabu safi. Lakini vijana, mnaitegemea jumla kupita kiasi.

Nawakumbusha 2007. Rejista milioni 14.3, waliopiga kama milioni 9.9, asilimia 69. Hio 69 ukiiweka mbele ya kalkuleta yoyote inapita, haina harufu. Na ndani yake? Jaji Kriegler alikuja na tume yake ya kuchunguza ule uchaguzi akakuta rejista ina marehemu kama milioni 1.2, akakuta maeneo waliojitokeza wamevuka asilimia 90 na zaidi, na wala si upande mmoja, kila mmoja alijaza huko kwao ambako mpinzani hana wakala wa kumzuia. Akasema matokeo yamechafuka kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wameshakufa.

Mimi nilikuwa Bonde la Ufa mwaka huo. Sisemi zaidi.

Kwa hivo hesabu ya jumla inaweza kukamata mwongo, inaweza kumkamata mwizi mvivu aliyepitisha watu waliopo. Mwizi mwenye akili anaiba ndani ya 69. Huyo unamkamata kwa kituo, unaweka vituo vya kata moja ubavuni kwa ubavu: shule ile ile, madarasa manne, matatu yametoa 60, 62, 58, la nne limetoa 97 na mgombea mmoja amepata zote. Mbona? Majina yamegawanywa kwa herufi, sasa watu wa herufi M hadi W ndio wana bidii ya ajabu?

klaki_darasa_la_nne

Mzee umenena, hio ya herufi nimeipenda, na ndio maana ile karatasi ya mlangoni ni muhimu kuliko hotuba ya Bomas, pale matokeo ya rais yalipotangazwa. Nyongeza ndogo tu: 97 peke yake isikutoshe. Kuna vituo vya wafugaji vina watu 30 kwa rejista, wakija 29 ushapata 97 na hakuna mtu ameiba. Angalia kwanza ni 97 ya watu wangapi.

Na kwa yule wa Morogoro, hata sisi hio namba ya kugawia si msahafu. Sensa ya 2009 waziri Oparanya alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini sababu yalikuwa yamefura, na ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa nayo ikafutwa na mahakama. Mtu akikuletea kura kwa idadi ya watu za kaunti hizo, mshukie polepole.

karani_wa_2022

Kweli kabisa. Ndio maana kwa yangu nilitumia nchi nzima, sikushuka mkoa kwa mkoa. Watu wanahama, Dar inameza kila kijana, ukishuka wilayani utaona wilaya zina "kura nyingi kuliko watu" kumbe vijana walijiandikisha nyumbani wakahesabiwa mjini. Au kinyume chake.

mtoto_wa_kisauni

Wadau nimerudi, pilau limeliwa. Niwape ripoti.

Binamu nilimpigia video tukiwa wote sebuleni, nikamwambia 66.2 ni ya milioni 239 sio 212, akanyamaza kidogo alafu akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, tulimuona anameza mate. Shemeji wa Tanga nilimsomea yote ya karani, alisikiliza ameinamisha kichwa, hakushangilia. Akauliza tu kama zile fomu za vituo zitawahi kuwekwa wazi. Nikamwambia sijui shemeji. Akasema mpwa wake hajaonekana tangu tarehe 29, mimi sikuwa najua hilo, amekuwa kwa grupu miezi yote hii anapigana na namba na hajawahi kulitaja. Tukakaa kimya, mama mkwe akamuongezea nyama.

Mjomba nilimuweka mwisho. Nikampa kalkuleta yake mwenyewe ile kubwa ya dukani, nikamwambia mjomba piga wewe, mimi sigusi. Akapiga zote nne akajumlisha, akarudia mara tatu, miwani iko puani. Akakubali 142,000 haipo. Wallahi alikubali mbele ya watu kumi na mmoja. Alafu akanawa mikono, akakaa, akaniuliza, "Sawa. Na hizo 1,421 ziko wapi?"

klaki_darasa_la_nne

Mwambie Wajackoyah amezivuta.